Kati ya Makali Mawili

Chuma cha kiatu cha barafuni si kisu.
Kina makali mawili, na katikati yake mfereji
ambao jicho la haraka halioni.
Huo ndio ninaouchimba, kwa jiwe linalozunguka,
katika chumba kisicho na dirisha, chini ya viti vya watazamaji,
Brandon, Manitoba, mwaka wangu wa tisa wa baridi.

Kolby aliletwa ana miaka kumi na sita
na begi lililomzidi kimo.
Jina la ukoo wake, Hryniuk, lilinishinda;
nililitafuna siku tatu nikalitema,
nikamwita Kobe.
Akauliza maana. Nikamwonyesha kwa vidole viwili mezani, polepole,
mnyama anayevuka barabara na nyumba yake mgongoni.
Alicheka, yeye ambaye hakuna aliyemkamata
kati ya mstari wa buluu na lango,
akaliandika kwa kalamu nene ndani ya kofia yake ngumu.

Msimu wa kwanza alikalia benchi hadi benchi likamzoea.
Dakika nne kwa mechi; tano, tukiwa tumeshafungwa vibaya.
Alilala kwa Bi Thiessen, mjane wa fundi reli,
aliyempikia viazi kana kwamba anajaza ghala.
Na kabla ya kila mechi alitapika katika ndoo yangu ya deki,
kisha akaisuuza mwenyewe, akairudisha pembeni,
mpini ukitazama ukuta, kama alivyoukuta.

Msimu wa pili, Novemba, nilisikia.
Kocha hutazama; mimi husikiliza.
Kila alipogeuka, chuma kililia kama uma kwenye sahani.
Kilo sita za viazi vya yule mama zilikuwa zimeshuka miguuni
na mfereji ulikuwa ule ule wa kitoto:
uliuma barafu mno, ukamnyima mserereko.
Nikaupunguza kina. Sikumuuliza mtu.
Ijumaa akafunga mawili, Jumapili matatu,
gazeti likaandika: kijana ameiva.
Mpishi hatajwi kwenye karamu.

Ndipo wakaja wasaka vipaji, makoti meusi, kahawa,
wakikaa mbalimbali kama watu wanaodaiana.
Mmoja alishuka kuulizia choo; daftari lake likabaki wazi mezani pangu.
Mikono: mizuri. Macho: mazuri sana. Akikabwa:
na hapo alama ya kuuliza, kubwa, imekolezwa mara mbili.
Nilitamani kuijibu. Sikuwa na jibu.

Januari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji,
simu ilimkuta na kijiko mkononi.
Anakwenda Lethbridge. Wao watatupa kipa
na chaguo la raundi ya pili, miaka mitatu ijayo.
"Chaguo ni nini?" nilimuuliza Garth wa vifaa.
"Mtoto," alisema. "Bado haijulikani ni yupi."

Alikuja saa kumi na moja alfajiri,
nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, nyusi zake nyeupe.
"Huko wapo wanoaji," nikasema.
"Hawaujui wangu."
Nikanoa. Nikaandika namba kwenye kipande cha tepu,
tano juu ya nane, nikakibandika chini ya ulimi wa kiatu,
pale ambapo kocha hapekui.
Begi sasa lilimfika begani tu.
Hakuaga kwa maneno. Alichukua ndoo,
akaenda nayo kando, akainama, akasubiri.
Hakikutoka kitu.
Akaisuuza hata hivyo.

Mahali fulani katika nyanda hizi, usiku ule,
alikuwa amelala mtoto wa miaka kumi na moja,
soksi mbichi kando ya hita,
asiyejua kwamba ameshatolewa chenji ya Kobe.

Jumamosi, wadogo walipokuja
wakisukuma viti barafuni wasianguke,
nilizima jiwe, nikasikiliza.